Je, Jukwaa Linaweza Kumlisha Mtu?

Na Katibu wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Nne

Kabla sijaingia katika somo lenyewe, acha nikupe kisa kilichonipata mwaka jana katika tamasha la drama, ngazi ya kaunti. Wengi wenu mlikuwako na mlicheka, kwa hivyo sina la kuficha.

Katika mchezo wetu nilikuwa kifungua mimba wa mwanamume aliyekwenda mjini kutafuta kazi, kisha habari zake zikakatika. Mwishoni mwa onyesho la tatu napokea barua, naisoma, nageuka kuielekea hadhira na kusema maneno mawili mazito: "Baba hatarudi!" Hapo watu walitarajiwa kulia. Lakini nilikuwa nimesema mambo mengi mfululizo bila kuvuta pumzi, na nilipofika pale kifua kilikuwa kitupu kama kibuyu. Ikatoka "Baba hatar..." na sauti ikafia hapo hapo. Walioketi viti vya nyuma wakasikia "Baba hatari!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mvulana mmoja wa shule jirani alisimama kabisa akapiga makofi, "Eeh, babako ni hatari kweli kweli!"

Mwamuzi alipokuja kutoa maoni hakunikejeli. Alisema tu, "Msichana huyu ana uso wa kuigiza, lakini hajafunzwa sauti." Tukawa wa nne, na safari ya kuelekea ngazi ya eneo ikaishia hapo. Kwenye basi hakuna aliyenisemesha mpaka tulipofika langoni.

Sasa, neno lililonikaa moyoni ni hilo "hajafunzwa". Mimi nilidhani uigizaji ni kipawa, unacho ama huna, kama urefu. Sikujua kwamba kuna mtu anayefunzwa sauti jinsi seremala anavyofunzwa kushika randa. Tangu siku ile nikawa ni mtu wa kuuliza maswali: hao waliofunzwa walifunzwa wapi? Na wakishahitimu wanakula nini? Swali hilo la pili si langu, ni la Mama. Mama ni mshonaji, ana cherehani yake sokoni, na nilipomwambia kwamba nikipata alama zinazofaa ningependa kusomea sanaa za maonyesho, aliivua miwani yake akaniangalia kwa muda. "Karo yote hii, ili uende ukachekeshe watu?" Nilinyamaza. Sikuwa na jibu, na baada ya yale ya "Baba hatari" hata neno kuchekesha lilinichoma.

Tuanze na sauti, kwa kuwa ndiyo iliyoniangusha.

Wengi wetu tukiambiwa tuvute pumzi tunainua mabega. Ukiinua mabega hewa huishia juu ya kifua, shingo hukaza, na sauti hutoka nyembamba. Mwigizaji huvuta pumzi ya chini. Chini ya mapafu kuna msuli mpana uitwao kiwambo; ukishuka, mapafu hupata nafasi ya kujaa na tumbo husukumwa nje kidogo. Mtazame mtoto mchanga akilala: ni tumbo linalopanda na kushuka, mabega yametulia. Kumbe tulizaliwa tukijua, tukasahau. Jaribu hivi usiku baada ya prepu. Lala chali, weka kitabu kizito juu ya tumbo (kamusi inafaa sana), vuta pumzi mpaka kitabu kipande, halafu itoe polepole kwa sauti ya "sss" huku ukihesabu moyoni. Siku ya kwanza mimi nilifika kumi na mbili. Baada ya majuma matano nilifika thelathini, na wenzangu bwenini walikuwa wameshachoka na hiyo "sss" wakidhani nyoka kaingia.

Jambo la pili ni mwisho wa maneno, na hili linatuhusu sisi watu wa Kiswahili kuliko wale wanaoigiza kwa Kiingereza. Mkazo wa neno la Kiswahili aghalabu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo silabi ya mwisho hutamkwa kwa upole, na mtu aliyeishiwa na pumzi huimeza. Lakini mwisho wa neno ndiko maana nyingi zinakojificha! "Niache" si "niachie". "Ondoka" si "ondokeni". Hata anayesema "alimpiga" na "alimpigia" hajasema kitu kimoja, na mmoja wao anaweza kufungwa jela. Wale mnaosinzia Mwalimu anapofundisha viambishi tamati, mjue ndivyo vilivyonitoa mashindanoni.

Tatu, kusikika si kupiga kelele. Mwambie mwenzako asimame upande wa pili wa uwanja wa netiboli, umsomee kipande cha gazeti, naye akirudie alichosikia. Ukipiga kelele, utakohoa kabla ya aya ya pili. Ukitamka konsonanti zako waziwazi na kuipa kila sentensi pumzi yake, atasikia hata ukisema kwa huzuni. Tulijaribu mimi na rafiki yangu kwa muhula mzima, na kama si mwalimu wa zamu kutukataza tungekuwa tunaendelea hadi leo.

Haya, na mafunzo kamili hupatikana wapi?

Shule ya kwanza ninayotaka kuitaja haikuwa na cheti wala karo. Ilikuwa katika kijiji cha Kamirithu, Limuru, mwaka wa 1977. Wakulima na wafanyakazi wa hapo walikuwa na kituo ambamo watu wazima walijifunza kusoma na kuandika. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ wakaandika tamthilia ya Ngaahika Ndeenda kwa lugha ya wenyeji, Kikuyu, na wanakijiji wakawa ndio waigizaji. Jukwaa walilijenga wenyewe. Mazoezi hayakufichwa, yalifanywa hadharani, na mtu yeyote aliweza kusimama akatazama, akasema kwamba mzee wa umri ule hazungumzi namna ile, na waandishi wakarekebisha. Watu ambao hawakuwahi kupanda stejini wakawa waigizaji kwa kukosolewa na majirani zao. Mchezo ulianza kuonyeshwa Oktoba 1977. Novemba kibali kikafutwa, na mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Mwaka wa 1982 hata lile jukwaa likabomolewa. Yeye alifariki Marekani Mei 2025 akiwa na umri wa miaka 87.

Nakitaja kisa hicho kwa sababu mbili. Kwanza, mafunzo ya uigizaji ni kukubali kusahihishwa mbele za watu, jambo ambalo wengi wetu hatulipendi hata kidogo. Pili, kazi hii ina uzito. Si kazi ya kuchekesha tu kama Mama anavyodhani. Hakuna anayebomoa jukwaa la mchezo usio na maana. Nyinyi wenyewe mnakumbuka yaliyotokea Nakuru Aprili 2025, wanafunzi wa Butere Girls walipopanda jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa, wakashuka bila kuonyesha mchezo wao. Nchi nzima ilizungumzia mchezo ambao haukuigizwa!

Shule ya pili mnayo tayari, nayo ni tamasha la drama. Lilianza mwaka wa 1959, kwa hivyo limewazidi umri wazazi wetu wengi. Hapa mtu hujaribu ngonjera, ngoma za kubuni, masimulizi, tamthilia, na siku hizi filamu, akaona mapema kama ana moyo wa jambo hili. Walimu wetu hawalipwi ziada kwa zile jioni za mazoezi. Asanteni, walimu.

Baada ya Kidato cha Nne njia zinagawanyika. Anayetaka shahada, Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara ya sanaa za maonyesho na filamu. Ni chuo alichofundisha marehemu Francis Imbuga, mwandishi wa Betrayal in the City, mchezo ulioiwakilisha Kenya katika tamasha la FESTAC huko Lagos mwaka wa 1977. Kujiunga na shahada yoyote kupitia KUCCPS kunahitaji walau C+ kwa jumla, na diploma C-. Lakini kila kozi ina masharti yake juu ya hayo, kwa hivyo mwone mwalimu wa ushauri mapema, usingoje wiki ya mwisho. Anayevutwa na kamera, sauti na redio kuliko jukwaa anaweza kutazama Kenya Institute of Mass Communication pale Nairobi, na mwenye koo la kuimba aiulize Kenya Conservatoire of Music, iliyoanzishwa mwaka wa 1944. Wadogo zetu walioingia Gredi ya 10 kuanzia Januari 2026 wao wamepata bahati ambayo sisi hatukuipata: mtaala wao una mkondo mzima wa sanaa na michezo, ukiwemo mchezo wa kuigiza na filamu. Sisi tuliambiwa drama ni ya baada ya saa kumi.

Lakini mimi kama mwanachama wa Kiswahili lazima niwavushe mpaka. Tamthilia ya Kiswahili tunayoisoma ina deni kubwa kwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako sanaa za maonyesho zilianza kufundishwa miaka ya 1960. Ndiko walikotoka Ebrahim Hussein, aliyetupa Kinjeketile mwaka wa 1969, na Penina Muhando, aliyeandika Nguzo Mama. Kisha kuna Bagamoyo, mji mdogo wa pwani kaskazini mwa Dar es Salaam. Mwaka wa 1981 kilianzishwa huko Chuo cha Sanaa, ambacho tangu mwaka wa 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa. Ngoma, muziki, maigizo na sanaa za ufundi husomwa pamoja, mwigizaji akijua kupiga ngoma na mpiga ngoma akijua kusimama jukwaani. Mkenya anayetaka kuisomea sanaa hii penye Kiswahili hana haja ya kupanda ndege, basi linafika.

Na asikudanganye mtu kwamba Kiswahili ni mzigo katika kazi hii. Mwaka wa 2012, ukumbi wa Globe jijini London uliwaalika waigizaji wa mataifa mbalimbali wacheze tamthilia za Shakespeare, kila kundi kwa lugha yake. Kundi lililocheza The Merry Wives of Windsor lilikuwa la Wakenya, na lugha ilikuwa Kiswahili. Waingereza wakakaa kwao wakamsikiliza Shakespeare wao kwa lugha yetu!

Nikitaja mafanikio najua mnangoja jina moja. Haya, Lupita Nyong'o. Wengi tunaijua ile tuzo ya Oscar ya Machi 2014 na gauni lake la samawati. Mimi nataka muitazame ngazi aliyoipanda. Akiwa na miaka 14 aliigiza Juliet wa Shakespeare na Phoenix Players, kundi lililokuwako Nairobi. Filamu ya The Constant Gardener ilipopigwa nchini Kenya, yeye hakuwa mwigizaji. Alikuwa msaidizi katika utayarishaji, mtu wa kutumwa huku na kule. Akasomea filamu na uigizaji chuoni Marekani, akarudi akaigiza katika Shuga mwaka wa 2009, na baada ya hayo yote ndipo akaenda tena kusoma uigizaji Yale, akahitimu mwaka wa 2012. Hesabu mwenyewe miaka kati ya Juliet na Oscar. Mtu aliyekwisha kuonekana kwenye televisheni alirudi darasani kwa hiari yake. Ndiyo maana mimi sikubaliani na wanaosema, "Nenda tu na kipawa chako, Mungu atafungua njia."

Sasa pesa. Hapa sitawaficha.

Muhula uliopita lilikuja hapa shuleni kundi la waigizaji kutuonyesha Bembea ya Maisha. Kama katibu, kazi yangu ilikuwa kuwapelekea chai na mkate. Nikamkuta yule aliyeigiza Yona ameketi juu ya spika akipanguza jasho; muda mfupi baadaye angerudi stejini kama mtu mwingine kabisa kwa kubadilisha koti na mwendo tu. Nikamwuliza waziwazi kama Mama angeuliza: "Kaka, hii kazi inalipa?" Akacheka. Akaniambia hulipwa kwa onyesho, si kwa mwezi. Shule zikiwa wazi na mtihani ukikaribia, wanaweza kuonyesha mara mbili kwa siku katika shule mbili tofauti, na hapo mambo huwa mazuri. Shule zikifungwa Novemba, simu inanyamaza. Anayeila pesa yote ya Julai, Desemba atakopa. Yeye hurekodi sauti za matangazo, huendesha sherehe za harusi, na Jumamosi hufundisha watoto drama kanisani. "Sasa ni nani kati yenu anayelipwa kila siku bila kukosa?" nikauliza. Akanyoosha kidole kwa dirisha. Nje, dereva wa gari lao alikuwa amelala usingizi mnono.

"Na wa pili?"

"Yule pale wa mitambo."

Nikageuka. Kijana mmoja mkimya alikuwa akikunja nyaya. Sikuwa nimemwona kabisa tangu asubuhi, na bila yeye tusingemsikia hata mmoja wao.

Jibu lile lilinifungua macho. Tunaposema "sanaa za maonyesho" kila mtu anafikiria yule anayepigiwa makofi. Lakini hesabu wanaohitajika ili mchezo mmoja usimame: mwandishi, mwelekezi, meneja wa jukwaa, ambaye ndiye anayejua nani anaingia lini na kitu gani kipo wapi, na akilala mchezo wote umelala, fundi wa taa, fundi wa sauti, mchora mandhari, mpodoaji, mtu wa tiketi na matangazo, na mshonaji wa maleba. Kazi hizi nyingi zina faida moja ambayo mwigizaji hana: zinahitajika nje ya jukwaa pia. Fundi wa taa hufanya kazi kwenye harusi, mikutano, makanisani na matamasha ya muziki. Mtu wa sauti halali njaa wakati wa kampeni. Mimi naona, na mwaweza kunikosoa katika toleo lijalo, kwamba anayetaka kuingia katika kazi hii aende na ufundi wa pili mkononi, tena ufundi wa hapo hapo jukwaani, ili siku asipoigiza bado awe ndani ya ukumbi.

Wakati huo ndipo nilipokumbuka jambo, nikacheka peke yangu mpaka yule kaka akaniuliza kuna nini. Kwa ule mchezo wetu wa mwaka jana, shule ilihitaji kanzu mbili, magauni ya kijijini na koti kuukuu la yule baba asiyerudi. Nani aliyeshona? Mama. Na hakushona bure. Alileta risiti, na shule ikamlipa. Waigizaji kumi na mmoja, mwandishi, mwelekezi, mpiga ngoma, wote tulirudi nyumbani mikono mitupu. Aliyelipwa ni Mama peke yake.

Likizo ilipofika nilimweleza. Alikuwa akitia uzi kwenye sindano na hakuinua kichwa. Nikamwambia, "Mama, wewe ndiwe mwanasanaa wa kwanza katika ukoo wetu kulipwa na jukwaa." Akanyamaza. Kisha akacheka kile kicheko chake cha puani. "Basi jifunze kushona."

Nami nikaketi kwenye cherehani. Kufikia mwisho wa likizo nilikuwa naweza kukata na kushona sketi ya kawaida, na nimeharibu kitambaa cha mteja mmoja ambacho nililipa kwa kuosha vyombo siku zote zilizobaki. Kuhusu kozi, Mama hajasema ndiyo. Hajasema la. Mara ya mwisho alipokuja kunitembelea shuleni aliniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, kama huko Kenyatta wanafundisha pia kukata maleba au ni kusema tu. Nimemwandikia mwalimu wa ushauri aniulizie.

Mazoezi ya mchezo wa mwaka huu ni Alhamisi baada ya michezo, ukumbini. Waigizaji wametosha, tafadhali msijazane mlangoni kama mara ile. Tunayemtafuta ni mtu wa taa, asiyeogopa ngazi, na wawili wa kunisaidia kushona. Uzi upo. Sindano uje na yako.